Kabuti la sufu: linashonwa Hombo kwenye joto, linavaliwa kule juu kwenye baridi

Mgeni akipita Hombo na kumukuta mutu ameketi mbele ya nyumba, jasho linamutoka, na magoti yamefunikwa na kitambaa kizito cha sufu, anauliza kama tumerogwa. Hombo iko chini, kwenye msitu. Hapa usiku shuka moja inatosha, na kuna siku hata hiyo shuka ni nyingi. Lakini sisi hatushonei Hombo. Tunashonea wale wanaopanda.

Familia nyingi za hapa, upande huu wa daraja na upande ule, ziko na mutu mmoja kwenye karyeri. Wengine wako msituni Walikale, kwenye kasiteriti na zahabu, na hao mvua ndio inawatesa kuliko baridi. Lakini yule anayekwenda milima ya Masisi, ku Rubaya, ao anayepita Ziralo mpaka Numbi kwenye milima mirefu ya Kalehe, huyo anaingia nchi nyingine. Milima ile inapita meta 2000, na kila unapopanda meta 1000 joto linashuka karibu digrii 6. Mutu aliyeondoka Hombo na shati la mikono mifupi, kisha siku chache za kutembea, anaamka asubuhi pumzi yake inatoka kama moshi.

Ndani ya shimo mwenyewe hasikii baridi. Kule chini hewa ni nzito, watu wamebanana, wanapiga nyundo na burini, jasho linatiririka. Shida inaanza pale anatoka. Anafika mdomoni mwa shimo saa nane ya usiku, amelowa mwili mzima, na upepo wa mlima unamukuta na singleti. Mwili uliolowa unapoteza joto haraka kuliko mwili mukavu, kila mama aliyemuogesha mutoto anajua hilo. Kisha anakwenda kulala chini ya bashi, juu ya majani.

Hapo ndipo watu wanaingiza mbabula ndani. Tunaomba musome fasi hii polepole, kama hamusomi ingine. Makala yanayowaka ndani ya bashi iliyofungwa yanatoa gazi ambayo haina harufu, haina rangi, na haikoozeshi. Mutu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, pengine kutapika, kisha usingizi. Wengine wanafikiri ni malaria ao uchovu wa kazi, wanajifunika zaidi, na asubuhi hawaamuki. Hakuna uchawi pale, ni moshi usioonekana wa makala. Ukimukuta mwenzako hivyo, mutoe nje kwenye hewa mbele ya kitu kingine chochote, kisha umupeleke kwenye kituo cha afya hata kama anasema amepona. Na mbabula ibaki nje, hata mvua ikinyesha. Sasa ukimuambia mutu aache mbabula nje, lazima umupe kitu cha kumupatia joto fasi yake. Sisi tunamupa kabuti.

Iko sababu ya pili, nayo ni ya feza. Wakrezere wanaijua. Mutu anafika kwenye karyeri mikono mitupu. Pedeje wa shimo ao mwenye duka anamupa bashi, tochi, unga wa fufu na bluzoni, vyote kwa deni, na deni linalipwa kwa madini, kwa bei ambayo mwenye deni hachagui. Bluzoni ile itaraurika mbele deni halijaisha. Kabuti lililoshonwa nyumbani ni kitu kimoja ambacho hakikuandikwa ku kaye ya mutu.

Kwa nini sufu, na siyo bluzoni ya nailoni ambayo ni nyepesi? Nailoni inazuia upepo, hatukatai. Lakini inafungia jasho ndani, na mwenye kuivaa anakuwa kama muhogo uliofungwa kwenye majani. Pamba ikilowa inashikamana na ngozi na kuwa baridi kabisa. Sufu inaweza kunywa unyevunyevu karibu theluthi moja ya uzito wake, na bado haisikiki kuwa imelowa. Nyuzi zake zimejikunja zenyewe kama nywele, kwa hiyo zinafungia hewa katikati, na hewa ile ndio inachunga joto. Tena iko habari ya moto. Cheche ikiangukia nailoni, inayeyuka na kushika ngozi. Ikiangukia sufu, inatoa harufu ya nywele zilizoungua, inafanya kidonda kidogo kwenye kitambaa, na mara nyingi inajizima yenyewe. Kwa mutu anayelala karibu na moto wa kambi, hilo si jambo dogo.

Kwingine wanajua hivi tangu zamani. Wanaume wa Lesotho, ambao kwa miaka mingi walikwenda kuchimba zahabu Afrika Kusini, wanatoka nchi ya milima na theluji, na vazi lao la heshima ni blanketi la sufu linalofungwa begani. Uingereza, watu wa kuchimba mifereji na makaa ya mawe walivaa koti fupi la sufu nzito lenye ngozi juu ya mabega, kwa sababu ya mizigo. Hiyo ngozi ya mabega muikumbuke, tutairudilia.

Hapa kwetu sufu haizaliwi. Kondoo wa Masisi na wa Kalehe ni wa nyama. Mwili wao uko na nywele fupi, hauna manyoya ya kusokotwa. Kondoo wa sufu wako kwa mfano Kenya, kwenye nchi ya juu ya Bonde la Ufa, ambapo wazungu walileta aina za Ulaya na Australia. Kwa hiyo sufu yote tunayoshona inafika ndani ya balo za mitumba. Inatoka Bukavu kwa lori, inapita Miti, inapita msitu wa Kahuzi-Biega, inashuka mpaka Bulambika, na mwisho Hombo. Barabara ikiharibika ao ikifungwa juu ya vita, balo hazifiki, na yule aliyengojea mpaka siku ya mwisho anapanda bila kabuti. Ndio maana tunanunua wakati sufu iko, hata kama hakuna anayesafiri.

Na hapa iko kitu ambacho wauzaji wengi hawajui: kabuti la sufu ndio kitu kinachokaa chini ya balo, kinachokosa munyunuzi. Watu wanakimbilia jinzi, mashati, nguo za watoto. Nani atanunua kabuti la majira ya baridi ya Ulaya kwenye soko la msituni? Wale wa sape wa Kinshasa tunasikia wanavaa makabuti kwenye jua, lakini wao wanatafuta jina la fundi wa Paris na kola ya mtindo, hawatafuti joto. Muuzaji akiona unagusa kabuti anafurahi mpaka inaonekana usoni. Usifurahi pamoja naye.

— Papa, hii nguo nani atavaa hapa?

— Mama, hii ni ya Ulaya kabisa, angalia kitambaa.

— Kitambaa naona. Na hili tundu la nondo, nalo ni la Ulaya?

Pale bei inashuka.

Lakini mbele ya bei, hakikisha ni sufu. Karatasi ndogo iliyoshonwa ndani ya kola inaweza kusema. Tafuta neno laine, ao wool, ao Wolle ao lana, na namba ya asilimia pembeni. Karatasi ikikosa, uliza moto. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, peleka kwenye kiberiti ukiwa mbali na nguo. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele, na majivu yake ni meusi, ukiyafinya kwa vidole yanakuwa unga. Nguo ya kiwanda cha plastiki inayeyuka, inadondoka, na inabakiza kidonge kigumu kisichovunjika. Zile zilizochanganyika zinatoa vyote viwili, harufu ya nywele na kidonge. Mchanganyiko wenye sufu nyingi tunaukubali. Kitambaa chenye sufu kidogo tu tunamuachia mwenyewe.

Tena vuta uzi ule mbele ya kuuchoma. Tangu miaka 1800 na kitu viwanda vya Ulaya vinachana sufu ya zamani na kuisokota upya. Uingereza walianza ku mji wa Batley, mwaka wa 1813, na Italia mji wa Prato unaishi kwa kazi hiyo mpaka leo. Kwa hiyo kabuti unaloshika pengine lilikuwa kabuti lingine mbele yako. Si jambo baya, lakini nyuzi za sufu iliyosokotwa upya ni fupi na zinakatika upesi. Uzi ukikatika kwa kuvutwa kidogo, kitambaa kile kitafaa kwa mgongo, hakitafaa kwa mikono na viwiko.

Sasa kazi. Kabuti la Ulaya, hasa la wanawake wakubwa, halimukai mukrezere. Mikono ni mirefu, kiuno kimebanwa, urefu unafika chini ya magoti na utaburuta matope. Usijaribu kulirekebisha hapa kidogo na pale kidogo. Lifumue lote. Kata nyuzi za mshono kwa wembe, pole pole, kutoka upande wa ndani, mpaka ubaki na vipande: mgongo, vifua viwili, mikono, kola. Chunga vifungo kwenye chupa. Chunga pia kitambaa kigumu kilicho ndani ya kola na kifua, maana kile ndicho kinasimamisha kabuti na hakiuzwi hapa. Kazi ya kufumua inachukua mikesha miwili, na ni nzuri kuifanya na watoto, kwa sharti wembe ubaki mkononi mwa mkubwa.

Kisha geuza vipande. Hii ni mayele ya wazee wa kila nchi: upande wa nje umefifia na kuchakaa, upande wa ndani haujaona jua hata siku moja. Sufu nyingi ziko nzuri pande zote mbili. Ukishona upya na ndani kuwa nje, kabuti linatoka kama jipya. Angalia tu kwamba manyoya ya vipande vyote yanalala kwa kuelekea chini. Ukichanganya, kipande kimoja kitaonekana cheusi na kingine cheupe kwenye jua, hata kama ni rangi moja.

Kama hakuna kabuti, blanketi la sufu linafaa. Katika kambi za makampuni ya zamani blanketi lilikuwa moja ya vitu ambavyo mfanyakazi alipewa, na ziko nyumba ambazo bado wanachunga moja la babu. La meta moja na nusu kwa mbili linatoa koti fupi la mutu mzima, ukipanga vizuri. Lakini blanketi limesukwa wazi, upepo unapita. Inabidi kulikaza kwanza: loweka kwenye maji ya moto na sabuni, likanyage kwa miguu kama nguo za shamba, suuza kwa maji baridi, rudilia. Nyuzi zinashikana, blanketi linapungua na kuwa nene. Pima baada ya kukausha, kamwe usipime mbele. Kwa vipande vya kabuti fanya kinyume: maji baridi, sabuni kidogo, usisugue, usinyonge. Viringisha kwenye shuka kavu, ukandamize, kisha tandaza kivulini. Sufu iliyosuguliwa kwenye maji ya moto inaingia mara moja na hairudi.

Kwa kupima, bwana akiwa nyumbani ni rahisi. Kama yuko juu tayari, chukua shati lake linalomukaa vizuri, litandaze juu ya karatasi za mifuko ya simenti ao juu ya gazeti hili ukimaliza kulisoma, na chora kuzunguka. Ongeza kwenye kifua kizima senti 20 hivi, maana ndani atavaa shati na triko. Kwenye mabega ongeza kidogo tu. Kwapa zishuke senti tatu chini ya zile za shati, vinginevyo hataweza kuinua nyundo. Urefu uishie katikati ya paja. Wengine wanapenda mpaka magotini juu ya heshima, na tunawaelewa, lakini anayepanda mteremko wa matope na mfuko mgongoni anahitaji magoti yake. Mikono mupime akiwa amekunja kiwiko, kwa sababu mkono ukikunjwa nguo inapanda na kifundo cha mkono kinabaki nje.

Acha senti mbili kila upande kwa mshono. Kata kipande kimoja kimoja, usikunje sufu nene mara mbili, maana kipande cha chini kitatoka kikubwa kuliko cha juu. Chora kwa kipande cha sabuni kilichokauka; kinaonekana vizuri na kinatoka kwa pasi.

Sisi tuko na masini moja ya mkono, ile ya kuzungusha gurudumu. Inashona sufu bila shida kama sindano ni kubwa, namba 100 ao 110, na hatua ya mshono iko ndefu, milimeta tatu mpaka nne. Sindano ndogo inavunjika, na hatua fupi inakata kitambaa kama karatasi ya stempu. Pale mishono inakutana, begani na kwenye kola, zungusha gurudumu polepole. Asiye na masini asiache kazi. Uzi mara mbili, uliopakwa nta ya mshumaa, na mshono wa kurudi nyuma: sindano inarudi nusu ya hatua kila mara inapoingia. Mshono ule uzi ukikatika fasi moja haufumuki wote, kitu ambacho masini haiwezi kuahidi. Ni kazi ya juma zima la jioni, na taa nzuri.

Unganisha mabega kwanza, kisha mikono ikiwa bado wazi, kisha mbavu na chini ya mkono kwa mshono mmoja mrefu kutoka pindo mpaka kifundo. Mafundi wa mjini wanaingiza mkono wa duara, unapendeza zaidi. Kwa kabuti la kazi sisi tunapendelea huu wa wazi, kwa sababu unaacha bega kuwa huru.

Baada ya kila mshono, pasi. Hapa ndipo kabuti la nyumbani linatofautiana na la fundi, na siyo kwenye masini. Pasi ya makala, kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kiweke juu ya sufu, kandamiza, inua, sogeza, kandamiza tena. Usiburute. Mvuke unalainisha nyuzi na mshono unalala. Kipande cha ubao mgumu kikiwekwa juu ya mshono ukiwa bado moto na kubanwa mpaka upoe, unakaa bapa kabisa. Pasi mara moja tu mwishoni haisaidii kitu, kabuti litabaki na uvimbe kila fasi. Na mulango uwe wazi, makala ya pasi ni ndugu ya makala ya mbabula.

Sasa ile habari ya mabega. Mutu anayebeba mifuko ya madini, kabuti lake linakufa begani na mgongoni juu, mbele ya fasi zingine zote. Kata mipira ya zamani ya ndani ya gurudumu la piki, ao turubai gumu, shona juu ya mabega mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Fanya hivyo mbele ya kuweka nguo ya ndani, ile mafundi wanaita dubliri, ili nyuma ya mshono ifichwe. Maji hayapiti, mfuko hausugui sufu. Kwenye viwiko kipande cha jinzi kinatosha.

Dubliri yenyewe watu wengi wanaiacha ili kupunguza kazi. Sisi hatuiachi. Bila dubliri sufu inashikana na triko, kabuti linapanda kila mutu anapoinua mkono, na mishono inakwaruza. Kitenge cha zamani kilicholainika kinafaa. Tatizo ni moja: dubliri haivutiki kama sufu. Kwa hiyo katikati ya mgongo uifanyie mkunjo wa senti tatu, kutoka kola mpaka chini, ufungwe juu na kwenye kiuno tu. Mutu akiinama mkunjo unafunguka. Bila mkunjo ule, siku ya tatu dubliri imepasuka kwapani.

Mifuko ya nje iwe miwili, mikubwa, yenye kifuniko ili matope yasiingie. Ndani, upande wa kushoto, tunaweka mfuko mdogo wa plastiki nene unaofungwa kwa kifungo. Ule ni wa karte ya mchimbaji, ile Sheria ya Madini ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inayoidai kwa kila mutu anayechimba kwa mikono. Karte iliyolowa na kufutika ni kama hakuna, na mwenye kuikagua njiani hatakusikiliza. Mfuko mwingine wa feza hatusemi unakaa wapi. Kila bibi ana siri yake, na ukiandikwa kwenye gazeti hautakuwa siri tena.

Vitundu vya vifungo vipige kwa mkono, uzi mara mbili. Kifungo kisishikane na kitambaa: weka kijiti cha kiberiti chini yake wakati wa kushona, kisha chomoa kijiti na zungusha uzi mara nyingi kwenye shingo ile. Sufu nene inahitaji nafasi ya kukaa chini ya kifungo. Kola ikatwe kubwa kiasi cha kuinuliwa na kufunga masikio.

Kabuti likimaliza kushonwa na mwenyewe hajarudi kulichukua, ao likishuka naye na kukaa Hombo miezi kadhaa, maadui wake ni wawili: nondo na ukungu. Nondo mwenyewe hali, watoto wake ndio wanakula sufu, na wanapenda zaidi fasi yenye jasho na mafuta ya chakula. Kwa hiyo kabuti chafu halichungwi. Lipige kwa fimbo, lisugue kwa brosi, lianike juani siku nzima, geuza ndani nje, kisha lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Rudilia kila mwezi.

Watu wengi wanatupia ndani vidonge vyeupe vya naftalini. Tunasema wazi: tusifanye hivyo kwenye nyumba yenye mutoto muchanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu katika damu ambao madaktari wanauita G6PD, na upungufu ule uko kwa wingi katika nchi za malaria kama yetu. Mama hawezi kuujua kwa macho. Mutoto wa namna hiyo akifunikwa na nguo iliyokaa na naftalini, damu yake inaharibika: anakuwa mweupe kwenye viganja, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa kama chai nyeusi. Na kabuti la baba ndio kitu cha kwanza tunachomufunikia mutoto usiku wa mvua. Jua halina hatari hiyo, tena ni la bure.

Matope ya mgodi yasioshwe yakiwa mabichi. Yaache yakauke kabisa, yavunje kwa mikono, piga brosi, na mengi yatatoka bila maji. Kuosha kweli kabuti, mara moja ao mbili kwa mwaka inatosha. Sufu iliyotundikwa usiku kwenye hewa inapoteza harufu yenyewe. Muambie bwana asilikaushe juu ya moto. Sufu iliyolowa ikichemka karibu na moto inaingia, na ile kazi yote ya kupima inapotea.

Mabaki hayatupwi. Kipande cha mgongo kilichobaki kinatoa kizibao cha mutoto, mikono mibovu inatoa soli za ndani za mabuti, na vile vidogo kabisa vinashika sufuria. Nyuzi zilizofumuliwa tunazichunga kwa kurekebisha matundu, kwa sababu rangi yake haipatikani sokoni. Na kifungo kimoja cha ziada, pamoja na sindano iliyotiwa uzi, tunavishonea ndani ya pindo upande wa kushoto, chini ya mfuko wa karte. Kule juu hakuna duka la vifungo.